Maji ya puja hutakaswa na nani, ikiwa anayeyatakasa naye bado hajatakasika?

Mgeni wa Puja ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Ninaomba msaada wa wale waliozoea kufanya puja, yaani ibada ya Kihindu, nyumbani, kwa kuwa swali langu linaonekana dogo lakini limenikwaza kwa majuma kadhaa sasa. Niliolewa katika familia ya Kihindu, na tangu mama mkwe alipoanza kuumwa magoti na kushindwa kuketi chini, amenikabidhi ibada ya asubuhi mbele ya madhabahu ya nyumbani. Nimejifunza kwa kumtazama. Huoga, huvaa nguo safi, huchota maji mapya, huketi akielekea mashariki, kisha hunywa mafunda matatu madogo sana kutoka kiganjani huku akitaja majina ya mungu Vishnu, jambo ambalo tunaliita achamana. Baada ya hapo hufunika chombo cha maji kwa mkono wa kulia, husoma ubeti unaotaja mito, na mwishowe huchovya ua katika maji hayo na kunyunyizia vyombo, maua, sanamu takatifu na yeye mwenyewe.

Tatizo langu liko katika mpangilio. Mimi nilielewa kwamba achamana hunitakasa mimi, na ubeti wa mito huyatakasa maji. Ikiwa ndivyo, maji ninayokunywa mwanzoni ni maji ambayo hayajatakaswa, kwa maana ubeti wa mito bado haujasomwa. Nikiamua kuanza na ubeti, basi mimi ninayeusoma ndiye ambaye sijatakasika. Ninazunguka kama ngamia wa kinu cha mafuta, na nikimuuliza mama mkwe hucheka na kusema kwamba alifundishwa hivyo na mama yake, na kwamba mama yake hakuwa mtu wa kuulizwa maswali. Kijitabu cha sala tulicho nacho kinafuata mpangilio wake bila kueleza sababu, ilhali kile alichoniachia shemeji yangu kina ishara za vidole ambazo sijawahi kuona mtu akizifanya hapa nyumbani.

Je, mpangilio huu una maana yoyote, au ni mazoea tu? Na je, ni lazima niongeze tone la maji ya mto Ganga ili utakaso ukamilike? Wifi yangu alituletea kichupa ambacho kimekaa kwenye rafu ya madhabahu kwa miaka mingi, nami naogopa kukifungua.

---

Tulasi ya Uani amejibu:

Dada, usidharau swali lako. Fundo ulilolishika lipo kweli, lakini hulegea mara unapotazama kile kinachoandamana na maji katika kila hatua, badala ya kuyatazama maji peke yake.

Tuanze kabla ya puja yenyewe. Maji hayaji mbele ya madhabahu yakiwa najisi yakisubiri kuokolewa na mantra, yaani maneno matakatifu. Yanatakiwa yawe tayari maji safi kwa maana ya kawaida kabisa ya neno hilo. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, katika sura ya 5, ubeti wa 128, zinatoa kipimo ambacho mimi hukipenda kwa sababu ni cha mchungaji na si cha kuhani: maji yaliyokusanyika ardhini ni safi yakiwa mengi kiasi cha kukata kiu ya ng'ombe mmoja, mradi hayakuchanganyika na uchafu, na harufu, rangi na ladha yake ni kama inavyopasa. Kwa hiyo maji unayochota asubuhi, yasiyo na harufu wala rangi ngeni, yamekwisha kuvuka kizingiti cha kwanza. Ndiyo sababu pia maji yaliyolala tangu jana hayatumiki katika puja, isipokuwa maji ya Ganga, ambayo pamoja na jani la tulasi, ule mmea mtakatifu, huhesabiwa kwamba hayachachi.

Sasa njoo kwenye achamana. Watu wengi waliokulia katika lugha yetu wanaufahamu udhu, na ni rahisi mno kudhani kwamba achamana ni udhu wa Wahindu. Sivyo. Udhu huosha viungo vya nje, na hapa kuosha huko kulikwisha kufanyika ulipooga. Achamana ni maji yanayoingia ndani, tena kwa kiasi kidogo mno: walimu husema yawe ya kuweza kuzamisha punje moja ya urad, ile nafaka nyeusi ya jamii ya choroko. Humiminwa kwa kijiko katika kiganja cha kulia kilichokunjwa kidogo hadi kikafanana na sikio la ng'ombe, na hunywewa kupitia shina la kidole gumba, mahali panapoitwa Brahma-tirtha, bila kupiga sauti ya kufyonza. Kila funda lina jina lake: Keshava, Narayana, Madhava. Kwa jina la nne, Govinda, wengi huosha mkono. Zipo nyumba zinazoendelea hadi majina 24, wakigusa midomo, macho, masikio, mabega na kadhalika, na zipo zinazoishia hapo.

Sheria hizo hizo za Manu, sura ya 2, beti za 60 na 61, zinaagiza kunywa mara tatu, kupangusa kinywa mara mbili, kutumia maji yasiyo ya moto wala yenye povu, na kuketi kuelekea mashariki au kaskazini. Nikiwa hapo niseme wazi kwamba ubeti unaofuata, wa 62, unapima maji kwa tabaka la mtu, ukisema kwamba ya Mbrahmani yafike moyoni, ya Mkshatriya yafike kooni, na kuendelea kushuka namna hiyo. Mimi siufuati, na sijui kuhani yeyote miongoni mwa wanaokuja kwetu anayempima mtu koo lake. Ninautaja ili usishtuke utakapokutana nao.

Basi, ni nini kinachotakasa katika achamana? Ni majina. Maji hapo ni chombo cha kubebea jina kutoka ulimini hadi kifuani. Ndiyo maana katika nyumba nyingi achamana huandamana na ubeti unaosema kwamba mtu awe safi au asiwe safi, awe katika hali yoyote ile, akimkumbuka Pundarikaksha, yaani Vishnu mwenye macho kama yungiyungi, basi amekuwa safi nje na ndani. Soma tena maneno hayo polepole. Hayasemi kwamba ni lazima uwe safi ndipo umkumbuke. Yanaanza na mtu asiye safi, na kumpa mlango. Hapo ndipo mzunguko wako unapokatika, dada: mwanzo wa mnyororo huu si maji wala si wewe, ni ukumbusho, na ukumbusho hauhitaji kutakaswa na kitu kilichoutangulia.

Ukiisha kusimama hapo, unaweza sasa kuyageukia maji ya kalasha, yaani kile chombo ambacho mama mkwe hukifunika kwa mkono. Hukipaka msandali na kumkum, ile poda nyekundu, hutia ua na punje za mchele, kisha husoma kwamba Vishnu yuko mdomoni mwa chombo, Rudra shingoni, Brahma kwenye kitako, akina Mama watakatifu katikati, na kwamba tumboni mwake zimo bahari zote na dunia yenye mabara saba, pamoja na Veda nne, yale maandiko matakatifu ya kale. Halafu ndipo linapokuja lile la mito: *Gange cha Yamune chaiva Godavari Sarasvati, Narmade Sindhu Kaveri jale'smin sannidhim kuru*. Mito saba inaitwa kwa majina kama wageni wanaoitwa kutoka uani, na kuombwa iwepo katika maji haya. Ukiwa na ramani karibu, ifuate: Sindhu upande wa magharibi kabisa, ambao leo sehemu kubwa ya mkondo wake imo Pakistani, Ganga na Yamuna kaskazini, zinazokutana Prayagraj, Narmada na Godavari katikati, Kaveri kusini, na Sarasvati usioonekana, ambao waumini husema hukutana na ile miwili pale pale Prayagraj kwa chini kwa chini. Nchi nzima imechorwa kwa maji ndani ya kitu unachoweza kukiinua kwa mkono mmoja.

Kwa hiyo maji ya achamana na maji ya kalasha yana kazi mbili tofauti, na inafaa yawe katika vyombo viwili tofauti. Ya kwanza yanakuandaa wewe uweze kuita. Ya pili ndiyo yanayoitiwa, kisha yakapelekwa kwa kunyunyiza juu ya vyombo, matoleo, mungu na nafsi yako. Usirudishe kijiko ulichonywea katika kalasha, na usiingize kucha majini. Maji yaliyoguswa na kucha hayatolewi.

Kuhusu kichupa cha wifi yako, tone moja huongezwa kwa mapenzi, si kwa sharti. Ikiwa Ganga ameitwa kwa jina lake na akaitika, hatuna sababu ya kumtilia shaka kwa kuwa hakuja na chupa.

---

Kosha na Kushi amejibu:

Ninamshukuru Tulasi ya Uani kwa maelezo yake mazuri, nami nitaongeza yale yanayohusu kijitabu cha shemeji, kwa sababu bila shaka ni cha desturi ya Bengal au kimeathiriwa na vitabu vya Tantra, njia ya ibada yenye ishara na mantra nyingi, na ishara hizo za vidole ndizo tulizolelewa nazo sisi.

Kwetu hatutumii kalasha kwa kazi hii ya kila siku. Tunatumia kosha, chombo cha shaba kilichochongoka kama jani au mtumbwi mdogo, pamoja na kushi, ambayo ni kama kosha ndogo inayotumika mahali pa kijiko. Mpangilio wetu ni huu: kwanza achamana pamoja na kumkumbuka Vishnu, tukisoma ule ubeti wa Rigveda, kitabu cha 1, wimbo wa 22, unaosema kwamba wenye hekima huitazama daima hatua ya juu kabisa ya Vishnu, kama jicho lililofunguliwa mbinguni. Baadaye hufuata jala shuddhi, utakaso wa maji, kisha utakaso wa mkeka wa kukalia, kisha utakaso wa maua. Utaona kwamba hata kwetu mtu hutangulia na maji hufuata, kwa hiyo katika jambo hilo hatuna ugomvi.

Katika jala shuddhi, kidole cha kati hunyooshwa na cha shahada kikakunjwa kando yake mfano wa ankusha, ile fimbo yenye ndoano ya kuongozea tembo, na kwa ishara hiyo maji hukorogwa kidogo huku ubeti wa mito ukisomwa. Ninaomba uizingatie ndoano hiyo, kwa sababu ndiyo inayoeleza jambo zima: mito huvutwa kutoka katika duara la jua, ambako inasemekana tirtha zote, yaani maji matakatifu, zinakaa, ikashushwa hadi ndani ya kosha. Baada ya hapo vidole vya mikono miwili huunganishwa vikafanana na chuchu za ng'ombe, ishara iitwayo dhenu, na kwa silabi *vam*, mbegu ya Varuna, mungu wa maji, maji huhesabiwa kuwa yamegeuka amrita, kinywaji cha kutokufa. Mwisho kiganja kimoja huwekwa juu ya kingine, vidole gumba vikichezeshwa pembeni kama mapezi ya samaki, na chombo hufunikwa kwa ishara hiyo wakati mantra ya mungu anayeabudiwa inarudiwa.

Kuna mahali pamoja ambapo ninatofautiana na mwenzangu, naye ataniwia radhi. Anazungumza kana kwamba mito huja kukaa katika maji kama wageni na kisha huondoka, maji yakabaki yale yale ya bombani. Kwa mafundisho yetu maji hayabaki yale yale. Ng'ombe wa ishara ya dhenu ametoa maziwa ya kutokufa humo ndani, na kuanzia hapo unayashughulikia kwa adabu nyingine. Labda tofauti hii ni ya maneno zaidi kuliko ya vitendo, kwa kuwa yeye naye hakuruhusu kijiko cha achamana kirudi katika kalasha. Hata hivyo, kwa mtu anayejifunza, nadhani ni muhimu ajue kwamba zipo njia mbili za kulielewa jambo hili na kwamba asizichanganye katika puja moja kwa kuokota ishara kutoka kijitabu hiki na beti kutoka kile. Dada, wewe umekabidhiwa na mama mkwe. Fuata ya mama mkwe hadi itakapokukaa mkononi, ndipo ukisome cha shemeji.

Jambo dogo la mwisho: ikiwa madhabahu yenu ina Shivalinga, alama ya mungu Shiva, katika nyumba nyingi hatumwagi maji juu yake kwa shankha, lile kombe kubwa la baharini, ingawa Vishnu huogeshwa kwalo. Wengi hukosea hapo kwa sababu kombe huwa lipo tayari na limejaa maji.

---

Mgeni wa Puja amerejea:

Ninawashukuru sana. Sehemu ya ukumbusho imenikata kiu kabisa, na nimeelewa kwa nini mama mkwe hunikaripia ninapotumia kijiko kimoja. Ninaomba kuongeza mawili ambayo yamejitokeza nilipokuwa nikisoma majibu yenu. La kwanza, wiki iliyopita nilitayarisha panchamrita, ile ya maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, nikaimimina katika bakuli la shaba kwa kuwa nilisikia kwamba shaba hutakasa kila kitu. Mama mkwe alininyang'anya bakuli kwa ukali ambao sikuutegemea na kusema kwamba maziwa ndani ya shaba ni sawa na pombe. Je, hii ni imani tu? La pili, baada ya kuogesha sanamu takatifu sote hunywa yale maji kidogo, pamoja na watoto. Ikiwa nitatia tone la kile kichupa cha Ganga, je, ni salama?

---

Mkemia Mstaafu amejibu:

Mimi ni Mhindu ninayefanya puja kila siku, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupima maji ya kunywa. Nimezoea kuulizwa maswali haya kwa pande zote mbili, hivyo nitajibu kwa pande zote mbili.

Mama mkwe wako yuko sahihi, na ukali wake una msingi. Mtindi na asali vina asidi. Asidi hula shaba polepole na kuifanya iyeyuke ndani ya chakula, na maziwa yanapoanza kuchacha hufanya vivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa, na dalili za kuzidisha hujitokeza upesi: kichefuchefu, kutapika, tumbo kusokota. Waliosema kwamba maziwa katika shaba ni kama pombe hawakuwa na maabara, lakini walikuwa na macho na matumbo. Panchamrita iwekwe katika fedha, chuma kisichoshika kutu, kioo au udongo. Maji matupu ndiyo yanayofaa kukaa katika shaba.

Na kwa kuwa umetaja kwamba shaba hutakasa kila kitu, ni kweli kwamba shaba huua bakteria ndani ya maji, lakini kazi hiyo huchukua saa nyingi. Usiku kucha ndiyo muda unaofaa kuzungumziwa. Dakika 10 za puja hazitoshi. Hapa kuna kichekesho kidogo ambacho wenzangu wa maabara hawakukipenda nilipowaambia: kanuni ya dini inataka maji yaliyochotwa leo, na kanuni ya shaba inataka maji yaliyolala. Suluhisho langu ni jepesi. Maji yangu ya puja huwa yamechemshwa na kupozwa asubuhi hiyo hiyo, kisha ndipo huingia katika chombo cha shaba. Manu alikataza maji ya moto wakati wa achamana, hakukataza maji yaliyokuwa ya moto.

Kuhusu Ganga, ninaomba unisikilize kwa utulivu, kwa sababu hapa watu hupandisha sauti. Mwaka 1896 mtaalamu wa bakteria kutoka Uingereza aliyefanya kazi India, Ernest Hanbury Hankin, aliandika kwamba maji ya Ganga na Yamuna yalikuwa na kitu kinachoua vijidudu vya kipindupindu, na kwamba maji hayo yakichemshwa uwezo huo hupotea. Baadaye, virusi vinavyoshambulia bakteria vilipogunduliwa na kupewa jina la bakteriofaji mwaka 1917, wengi waliona kwamba huenda ndivyo Hankin alivyokutana navyo bila kuvijua. Habari hiyo ni ya kweli na inasisimua. Lakini haithibitishi kile ambacho wauzaji wa vichupa wanataka tuamini. Bakteriofaji huchagua mno. Kila aina hushambulia bakteria wake tu. Na mto unaopita Kanpur na Varanasi hupokea maji taka ya miji mikubwa. India yenyewe imeweka kiwango cha maji ya kuogelea mitoni kuwa koliformi za kinyesi, yaani bakteria watokanao na kinyesi, zisizozidi 2,500 kwa kila mililita 100, huku kinachotamaniwa kikiwa 500, ilhali maji ya kunywa hayatakiwi kuwa hata na bakteria mmoja wa E. koli katika kiasi hicho. Pima mwenyewe umbali uliopo kati ya kuoga na kunywa.

Kwa hiyo kichupa cha wifi kina nafasi yake, lakini si kinywani mwa watoto. Kitie tone katika maji ya kunyunyizia, au katika maji ya kuogeshea ambayo hayatanywewa. Maji ya tirtha, yaani yale matakatifu mtakayokunywa, yatayarishwe kwa maji salama, jani la tulasi lililooshwa, na ubeti wa mito. Kwa imani yangu Ganga yumo humo kikamilifu, na kwa kazi yangu najua kwamba kipindupindu hakimo.

Niongeze onyo moja ambalo halikuulizwa. Nyumba nyingi hutia kafuri kidogo katika tirtha ili iwe na harufu nzuri. Ipo kafuri inayoliwa na ipo ya kuchoma katika aarti, ile ibada ya kuzungusha mwali wa moto, na ya kuchoma ni sumu. Kiasi kidogo tu kinaweza kumsababishia mtoto degedege. Kama huna hakika ni ipi uliyo nayo, usitie kabisa. Iliki iliyopondwa inatosha.

---

Tulasi ya Uani amerejea:

Ninayakubali ya Mkemia yote, na kwa ndugu yangu Kosha na Kushi nakiri kwamba neno "wageni" lilikuwa langu na huenda lilikuwa jepesi mno. Lakini sitaliacha lote. Katika puja kamili yenye huduma 16, mungu mwenyewe hupokewa kwa maji kama mgeni anavyopokewa: ya kuosha miguu, ya kuosha mikono, ya kusukutua kinywa, na ya kuoga. Huduma nne za maji kabla hujafika kwenye maua na taa. Maji tuliyoyatakasa hayakutakaswa ili yakae; yalitakaswa kwa kuwa kuna anayengojewa mlangoni. Nilitaka dada alione hilo asubuhi anapomimina, kwamba kile kijiko cha kwanza baada ya kunyunyiza ni cha miguu.

---

Msafiri wa Alfajiri amejibu:

Nimechelewa kufika katika mazungumzo haya, nami nitasema mawili tu ambayo hayajaguswa.

Itatokea siku ambayo hutakuwa na maji: uko safarini, au mfereji umekauka, au unamhudumia mgonjwa na huwezi kuondoka. Wakati huo hugusa sikio la kulia, kwa kuwa desturi husema mito mitakatifu hukaa humo, na kitendo hicho huhesabiwa mahali pa achamana. Wapo wanaokilinganisha na kutayamamu, na kwa maana ya ruhusa wakati wa dhiki mlinganisho huo unakaribia, ingawa hapa hakuna udongo. Majina matatu yatajwe vile vile. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi nikiwa nimeketi dirishani mwa basi, na hakuna aliyejua zaidi ya kudhani kwamba sikio linaniwasha.

La pili ni maji yanayobaki, ambayo wapya wengi huyasahau hadi puja inapomalizika na wakabaki wameshika chombo. Maji uliyooshea mkono baada ya achamana yawe yamekusanywa katika bakuli lake, nayo humwagwa kando, hayatolewi kwa mtu wala kwa mungu. Maji ya kalasha yaliyosalia unaweza kuyanyunyiza vyumbani, hasa mlangoni, kisha kinachobaki kikamwagwa kwenye shina la mti au mmea mahali ambapo watu hawakanyagi. Maji ya kuogeshea yaliyochanganyika na maziwa na asali usiyamwage kwenye chungu cha tulasi, hata kama moyo unakuvuta kufanya hivyo. Sisi tulifanya hivyo mwaka mzima, na siafu wakamaliza mizizi.